Kodi ya Chumvi

Naapa kwa meno yangu yote, ya kuzaliwa na ya kununua, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sikuongeza kitu. Palipokuwa na watu wengi sikuwazidisha, na palipokuwa na aibu sikuificha. Asiyeamini aende kwa kinyozi wetu akaulize, ila asiende akiwa na haraka. Yule bwana akishakishika kichwa cha mtu, kukiachia ni majaliwa.

Mimi ni mstaafu. Miaka yangu yote ya kazi niliimaliza sokoni, nikikata ushuru. Asubuhi unaingia na kitabu cha risiti kwapani, unampitia kila aliyepanga bidhaa, unamkatia. Sheria yetu ilikuwa fupi kuliko kaptula: anayetua mzigo, analipa. Ametua mezani, analipa. Ametua juu ya turubai, analipa. Ametua kwenye mapaja ya mkewe, hapo tulikuwa tunakaa chini na kujadiliana. Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Saa ilikufa wiki ile ile. Nikahamia kwenye benchi.

Benchi lenyewe liko nje ya duka la kinyozi. Ndani kuna kinyozi na kioo chake chenye ufa; nje, pembeni ya mlango, mkewe ana kibanda cha chai. Kwa kuwa kinyozi ni ndugu yetu sote, mkewe ni shemeji yetu sote, na jina limemganda: hata wanafunzi wa chekechea humwita Shemeji. Nyumba yangu imegeuziana mgongo na duka hilo. Tunagawana ukuta mmoja. Nikipiga chafya chumbani kwangu, kinyozi ananiambia "afya!" huku mashine iko kichwani mwa mtu. Lakini ukitaka kutoka mlangoni kwangu uende kukaa kwenye benchi, inabidi uzunguke: upite kwa mchomelea vyuma, upite gereji, ukate kona, ndipo ufike mahali ambapo ungeweza kufika kwa kutoboa tundu.

Benchi hilo limenipa jina la Chumvi, kwa sababu ambazo mpaka leo sijazielewa.

Taabu ilianza siku niliyowasimulia habari ya muuza nyama wa soko letu. Niliingia ghafla kukagua mizani, yeye akaona ameumbuka, akalimeza jiwe lake la kilo lililochongwa. Lilikwenda na halikurudi. Tangu siku hiyo kila akipimwa hospitali, daktari anaandika uzito, kisha anatoa kilo moja kasoro kidogo.

Kinyozi alizima mashine. Mteja alikuwa amenyolewa nusu kichwa.

"Mzee Chumvi," akasema, "leo umevuka mpaka. Kuanzia sasa benchi hili lina kodi. Ukidanganya kupita kiasi, unawanunulia chai wote waliokaa."

"Mbona kila mtu hapa anadanganya?" nikamwuliza. "Huyu uliyemshika kichwa anasema ana miaka arobaini, na mjukuu wake anaota ndevu!"

"Huo ni uongo wa kujikimu. Hatuutozi. Tunatoza uongo mkubwa tu."

"Na wakubwa tuko wangapi?"

"Sheria haijataja jina la mtu," kinyozi akasema kwa upole. "Ni bahati mbaya tu kwamba uko peke yako."

Nikajitetea kama mtu aliyesomea. Nikasema kwanza hii ni kuniadhibu kwa sababu nimefanikiwa. Pili, uongo wangu hautengenezwi hapa. Naupika nyumbani, hapa unapita tu. Tatu, watu wanakuja benchi hili kunisikiliza mimi, wakija wanakunywa chai, kwa hiyo Shemeji ndiye anayepaswa kunilipa. Nne, mkinibana nitahamia kwenye benchi la fundi viatu, mbaki na ukimya wenu.

"Nenda," wakajibu wote kwa mkupuo.

Sikwenda, maana benchi la fundi viatu lina msumari. Nikawa nalipa. Nalipa leo, kesho naapa kunyamaza, keshokutwa mtu anataja neno "simba" na mdomo wangu unafunguka wenyewe. Pensheni yangu ikaanza kunikwepa kama mtu ninayemdai.

Ndipo nikaikumbuka simu. Binti yangu alikuwa ameniletea simu ya kupapasa, nikawa naifungia kabatini na kutembea hadharani na ile yangu ya tochi, nisije nikaombwa kupiga picha harusi za watu. Nikaitoa. Nikaingia kwenye programu ya ile kampuni kubwa ya kuagizia vitu, ambayo hapa mtaani tunaiita Kampuni tu, kana kwamba hakuna nyingine duniani. Nikakuta na kibanda cha Shemeji kimo. Simu ikaniuliza jina la mteja. Haikuuliza jina langu, iliuliza jina la mteja, na mimi ni mtu wa kujibu nilichoulizwa. Nikaandika: Mkweli Daima.

Basi kila siku saa nne asubuhi, chupa moja ya chai na mkate. Niliipanga iwe oda ya kudumu, nisihangaike. Dereva wa pikipiki, jitu la miraba minne tunaloliita Kifaru, anaichukua chai mezani kwa Shemeji, anapita gereji, anapita kwa mchomelea vyuma, anagonga mlangoni kwangu upande wa pili wa ukuta. Nikiwa kitini namsubiri, nasikia kijiko cha Shemeji kikikoroga hiyo hiyo chai yangu.

"Mume wangu," mama watoto akaniuliza, "si ungetoboa ukuta tu?"

"Ukuta hauna ofa," nikamjibu. Kwa kuwa nilimgawia nusu ya mkate, suala hilo halikurudi tena.

Benchini nikasema daktari amenikataza chai na mazungumzo ya asubuhi. Nikawa natokea mchana, nimenyamaza kama picha ya pasipoti. Watu wakaanza kuulizana kama nimeandika wosia.

Kitu ambacho sikukijua, na naapa tena kwamba sikukijua, ni kwamba kwa kila oda Kampuni inakata theluthi. Nilikuja kukisikia kwa Shemeji mwenyewe, akisugua sufuria kwa hasira.

"Theluthi nzima, shemeji zangu! Mkaa wangu, maji yangu, moshi unaingia macho yangu. Wao hata jiko langu hawajui liko upande gani. Kila nikipiga hesabu nasema mwezi huu najitoa."

"Jitoe basi," akasema mumewe kutoka ndani.

"Nijitoe, halafu kodi ya kibanda nalipa na nini? Nina mteja mmoja huko. Huyo ndiye ananishikia hiki kibanda. Wengine wanakuja na kupotea, yeye kila siku ya Mungu, saa nne, chupa nzima. Hajawahi kulalamika. Nikijitoa nitampata wapi? Simjui hata sura."

"Anaitwa nani?" mtu akauliza.

"Mkweli Daima."

Nikaanza kuvitazama viatu vyangu.

"Lazima ni mtu mzito," Shemeji akaendelea, na sauti ikalainika. "Labda mkurugenzi. Mtu wa ofisi zile za vioo. Jina lenyewe tu si la mtu wa mchezo. Mimi humchagulia mkate ule ulioiva vizuri, siwezi kumpelekea mtu kama yule mkate wa pembeni."

Ni kweli, mikate yangu ilikuwa mizuri sana.

Wiki hiyo hiyo serikali ikatangaza inataka kuzitoza kodi maalumu kampuni kubwa za teknolojia, zile zinazochuma hapa na kuhesabu kwingine, na kwamba maafisa watapita kukusanya maoni ya wananchi. Kwetu wangekuja kwenye ukumbi ulio ng'ambo ya barabara, ukitazamana na kibanda cha Shemeji. Benchi zima likashangilia. Kinyozi akasema watozwe mpaka wajute kugundua umeme. Shemeji peke yake hakucheka. Kampuni ilikuwa imewatumia wauzaji wote ujumbe: kodi ikipita, ada itapanda, na huenda wakafunga virago.

"Wakiondoka, wanaondoka na Mkweli Daima wangu," akasema. "Mimi nitasimama pale ukumbini nitasema wasitozwe. Mnisamehe, ila kibanda kikifungwa hamtakuja kuninunulia unga nyinyi."

Mumewe akazima mashine. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzee Chumvi, wewe umekata ushuru maisha yako yote. Hakuna mwenye mdomo kama wako. Utasimama useme watozwe. Siku hiyo chumvi haitozwi, weka unavyotaka."

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Upande mmoja mwanamke anataka kuitetea theluthi inayomnyonya, kwa ajili ya mkurugenzi ambaye ni mimi. Upande wa pili nimepewa msamaha wa kodi kwa siku nzima. Nilifikiria kukiri. Nilifikiria kwa muda ule mtu anaofungia kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Siku ikafika. Ukumbi ulifurika, watu mia sita ukitoa walioning'inia madirishani. Mbele alikaa afisa wa serikali, mama mmoja mwenye miwani ya kufunga kwa uzi, anaandika kila kitu, hata mtu akikohoa. Pembeni yake alikaa wakili wa Kampuni, kijana mtanashati, tai yake imenyooka kama rula na ndefu mpaka magotini. Mbele yao kila mmoja kawekewa bilauri na chupa ya maji.

Wakili akaanza.

"Ndugu wananchi, sisi hatuna duka hapa. Hatuna ghala. Hata pikipiki si zetu. Huduma yetu hutengenezwa makao makuu, hapa inapita tu. Mkitutoza peke yetu, mnatuadhibu kwa kuwa tumefanikiwa. Sisi ndio tunaowaletea wateja, na tukibanwa sana, dunia ni kubwa, tutahamia kwingine."

Nikamgeukia kinyozi. "Huyu aliwahi kukaa kwenye benchi letu?"

"Kwa nini?"

"Hayo ni maneno yangu! Kaniibia yote! Kasahau msumari tu!"

Shemeji akaitwa. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Akasimama na kusema kwamba theluthi haipendi, lakini ana mteja mmoja mwaminifu ambaye anamjua kupitia huko tu, na huyo akipotea kibanda kinafungwa. "Kwa hiyo mheshimiwa, kama kodi yenyewe itawafukuza, mimi naomba wasitozwe." Akakaa. Afisa akaandika. Wakili akatabasamu kama mtu aliyeletewa keki.

Zamu yangu.

"Mheshimiwa," nikasema, "katika soko langu kulikuwa na muuza vioo. Alijua sheria yetu, kwamba anayetua mzigo analipa. Basi yeye hakutua. Vioo vyote alivivaa mwilini, mgongoni, kifuani, kofiani, akawa anazunguka sokoni bila kusimama. Mteja anajitazama huku anakimbia naye. Alikula akitembea. Alilala akitembea. Alioa akitembea, na shehe na mashahidi wakimfuata mbio. Nikimwambia lipa, ananiuliza, 'Nimetua wapi?' Miaka saba!"

Ukumbi ukaanza kucheka. Afisa aliacha kuandika.

"Ukafanyaje?" akauliza.

"Nikachutama, nikakipima kivuli chake. Nikamwambia, wewe hujatua, lakini kivuli chako kimetua kwenye ardhi ya soko, tena kimelala juu ya nyanya za watu. Nikamkatia risiti ya kivuli."

"Akalipa?"

"Akakubali, kwa sharti moja. Alitaka kivuli kipimwe saa sita mchana."

Ilichukua nukta moja hivi, kisha ukumbi ukalipuka. Hata yule mama mwenye miwani aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika.

"Na hawa," nikasema nikimwelekezea wakili kidole, "kila ukienda kuwapima, wanakwambia ni saa sita mchana! Faida? Hakuna. Ofisi? Hakuna. Jioni njoo uone kivuli kilivyolala juu ya jiko la Shemeji!"

Walipiga makofi mpaka mavumbi ya dari yakadondoka. Wakili aliyaacha yapoe. Alikuwa kijana mwerevu, nimpe haki yake.

"Mzee wangu, simulizi nzuri. Lakini hebu niulize. Wewe umewahi kuitumia huduma yetu hata mara moja?"

"Mimi?" nikashika kifua. "Simu yenyewe ni ya tochi. Hiyo mitambo yenu hata sijui inawashwa upande gani."

Mlango ukafunguka.

"Oda ya Mkweli Daima!"

Alikuwa Kifaru, amejaa mlango mzima, kofia ya pikipiki kichwani, mkononi mfuko wenye chupa ya chai na mkate. Ilikuwa saa nne. Ile oda ya kudumu, jamani. Shemeji alikuwa ameifunga mapema kabla hajaja ukumbini, na mimi katika kuwaza kuokoa taifa nilikuwa nimesahau kuisitisha. Wala simu sikuiacha kabatini, ilikuwa mfukoni, maana nilitaka kutazama saa.

Ukumbi mzima ukageuka kumtafuta mkurugenzi. Shemeji akasimama haraka, akarekebisha kitambaa, akapangusa mikono kwenye gauni kama mtu anayejiandaa kusalimiana na mgeni mkubwa.

Kifaru akaitazama simu yake. Akatembea. Akasimama. Akaitazama tena. Akapita safu ya nyuma, safu ya kati, akaja mpaka mbele na kusimama kifuani kwangu.

"Mzee, nimegonga kwako, mama akasema umetoka. Ramani inasema uko hapa."

Nimeishi miaka mingi, na mdomo wangu haujawahi kuniangusha. Haukuniangusha hapo pia.

"Ahsante!" nikasema kwa sauti kuu. "Ushahidi umefika! Mheshimiwa afisa, chai hii niliiagiza makusudi, kwa ajili ya kikao hiki!"

Nikaifungua chupa. Nikamwaga chai kwenye bilauri ya afisa, nikamwaga kwenye kifuniko, kisha sehemu ya tatu, iliyo sawa na hizo, nikaimwaga kwenye bilauri ya wakili.

"Chai hii imechemshwa ng'ambo ya barabara. Maji ya hapa, mkaa wa hapa, mnywaji wa hapa. Imebebwa na Kifaru wa hapa kwa petroli yake mwenyewe. Hiyo uliyo nayo wewe, mwanangu, ndiyo theluthi. Inakwenda wapi?"

"Makao makuu," akasema wakili.

"Ambako wamechemsha nini?"

Makofi tena. Kinyozi alikuwa amesimama juu ya kiti. Nikaona nimepona. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Wakili aliionja chai. Akanywa tena.

"Chai nzuri sana," akasema. "Lakini mzee, jibu na wewe. Nani alimletea huyu mama mteja wa chai hii? Bila sisi, Mkweli Daima angempata wapi?"

Swali la haki kabisa. Nilikuwa nalitafutia jibu la uongo, ila Kifaru aliwahi na la kweli.

"Nani, huyu?" akasema. "Huyu mbona ni jirani? Yuko nyuma ya ukuta wao. Mimi huwa nashangaa, naichukua chai pale, nazunguka kwa mchomelea vyuma, nairudisha pale pale." Akaingiza mkono kwenye begi. "Halafu mzee, nilitaka kusahau. Umekuwa Mteja Bora wa mwaka. Wamekuletea kofia."

Akanivalisha. Ilikuwa nyekundu, ina nembo ya Kampuni mbele, na ilinienea sana.

Watu mia sita, na nilisikia nzi akitafuta pa kutua.

Shemeji alikuja polepole. Hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichonitisha.

"Babu," akasema. Hajawahi kuniita Babu. Siku zote ni Mzee Chumvi. "Mkweli Daima ni wewe?"

"Shemeji, neno 'daima' lina maana nyingi..."

"Kila siku saa nne?"

"Daktari alisema..."

"Daktari alikukataza chai!"

"Alinikataza ile ya benchi."

"Mimi nakuchagulia mkate," akasema, na sasa sauti ikaanza kupanda. "Nawaambia wanangu tumuombee mkurugenzi wa watu! Namwambia mume wangu avumilie, tusijitoe, kuna mtu mmoja! Theluthi yangu kila siku inapanda ndege, kwa sababu ya mtu anayepiga chafya ukutani kwangu! Kumkimbia nani? Unamkimbia nani wewe?"

"Kodi," nikasema.

Sijawahi kusema ukweli mfupi namna hiyo maishani. Sikuupenda.

Wakili alicheka mpaka akaweka bilauri chini. "Mheshimiwa, naomba iandikwe kwamba shahidi mkuu wa kodi ni mkwepaji wa kodi."

"Imeandikwa," akasema afisa. Akamgeukia Shemeji. "Mama, maoni yako ya mwanzo niyaache kama yalivyo?"

Shemeji alinitazama, akaitazama kofia, akamtazama wakili.

"Yafute. Andika watozwe. Mimi huko sina mteja, kumbe nilikuwa na kikohozi cha nyuma ya ukuta. Leo hii najitoa."

"Wenzako wana wateja wa kweli huko," wakili akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Ada ikipanda, watalia wao."

"Basi mheshimiwa andika na hilo. Watozwe wao, na wasije kuchota tena kwenye vikombe vyetu. Kama mnaweza kuwakamata kivuli, mnaweza kuwashika na mkono."

Afisa aliandika kwa muda mrefu, kisha akapiga mstari. Hakuahidi kitu. Alisema maoni yatapelekwa yanakopelekwa.

"Na pembeni," akaongeza Shemeji, "andika na huyu atozwe."

"Huyu hayumo kwenye muswada, mama."

"Huyu niachie mimi."

Nikaachiwa. Jioni ile kinyozi aliitisha kikao cha benchi, na nikasomewa hukumu nikiwa bado na ile kofia, maana walikataa niivue. Theluthi ya kila chupa niliyoagiza tangu nianze, namrudishia Shemeji mkononi. Chai nitainywa benchini, saa nne, mbele za watu, nikiwa na mdomo wangu wa kawaida. Kodi ya Chumvi iko pale pale. Nilipojaribu kuuliza kuhusu benchi la fundi viatu, fundi viatu mwenyewe, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akasema msumari ameongeza wa pili.

Nalipa. Kibanda kipo. Waliokuwa wakiagiza kwa simu wameanza tena kuja kwa miguu. Inasemekana wanakuja kunitazama mimi. Mama watoto naye huja, tena anakaa upande wa Shemeji. Serikali bado inatafakari.

Hadithi ingeishia hapo. Ila jana nilifanya kosa la kumsomea kinyozi haya niliyoyaandika. Alisikiliza mpaka mwisho, mashine imezimwa, mteja kanyolewa nusu kichwa.

"Watu mia sita?" akasema. "Ukumbi ule una viti hamsini, na mimi nilisimama juu ya kimoja."

"Walikuwepo na wa madirishani..."

"Una madirisha mawili. Moja limezibwa kwa bati. Tai mpaka magotini?"

"Alikuwa ameinama."

"Na yule muuza vioo? Kalala akitembea, kaoa akitembea?"

"Ulisema siku hiyo chumvi haitozwi!"

"Siku hiyo ulisema," akajibu kinyozi, akiiwasha mashine. "Leo umeandika. Mke wangu! Mimina kwa benchi zima, Mkweli Daima analipa!"

Nimelipa. Wote wamejaziwa vikombe mpaka mdomoni. Changu kimeletwa kimepungua, nikamwuliza Shemeji mbona hakijafika juu. Akaniambia kunywa hiyo, theluthi imeshakwenda makao makuu, akakinyanyua kikombe chake, chenye hiyo theluthi, na kunywa.